Mama Euphrasie, Uliyesema Ulianguka

Mwaka umetimia leo, Mama Euphrasie, tangu Jumatatu ile ya tarehe 24 mwezi wa nane 1953, ulipofumba macho katika chumba cha wagonjwa cha misheni, siku kumi na moja baada ya kubebwa kutoka mteremkoni. Tumekuombea misa. Katekista amekubali kusoma maneno haya kanisani baada ya komunyo, kisha yatabandikwa mlangoni kwa wale waliochelewa, na unawajua. Binti yako Verdiane ndiye anayeandika. Papa Straton, mume wako, ameketi mbele yake juu ya kigoda kile kilichopinda, na kila mstari ukiisha anauliza, "Umeandika nini hapo?"

Tuanze na mema, maana ni mengi na hayatutishi.

Ulitoka upande wa msitu, karibu na Mubi, ukaolewa huku juu Nyamitaba kwa watu wa ng'ombe na maharagwe. Ulikua ukisikia chui nyuma ya nyumba ya baba yako, lakini kilichokutia hofu kwetu ni ng'ombe. Miaka kumi na minane ulizunguka bonde zima ili usipite karibu na dume la jirani. Tulikucheka sana. Ulijibu kwamba chui anajulikana anataka nini, lakini ng'ombe anakutazama tu, na hujui ana mpango gani.

Kabla ya kula ulidondosha chakula kidogo chini kwa ajili ya wazee wako wa msituni, kisha ukapiga ishara ya msalaba. Padri alipokuuliza unamwomba nani hasa, ulimwambia kwamba kwako hakuna anayelala njaa. Padri alicheka, akakuacha.

Mikono yako ilijua majani ya kifua na majani ya tumbo. Watoto wa kilima hiki waliokunywa dawa yako chungu na kukutukana ni wengi, na wote wamekua. Papa Straton ulimwita Mukubwa wa Mubao, kwa sababu ya mti wa kizuizi anaoulinda barabarani. Alikuwa akinuna mbele za watu, na tulijua anapenda.

Sasa inatupasa kusema habari za kizuizi, kwa ajili ya wageni watakaosikia. Barabara inayoteremka kwenda msituni ni nyembamba. Malori mawili hayawezi kupishana, na mwenda kwa miguu hana pa kukimbilia ila penye vipenyo vichache vilivyochimbwa ubavuni mwa mlima. Basi Leta, yaani serikali, iliweka mti wa kizuizi juu na mwingine chini, na penye kila mti ngoma. Lori likiteremka, Papa Straton hupiga ngoma kwanza. Aliye njiani akiisikia hujibanza kwenye kipenyo mpaka lori lipite. Ngoma ikinyamaza, njia ni ya watu, na wanawake hupanda katikati, ambako mawe ni machache. Ndivyo sote tulivyofundishwa. Watoto wa kilima hiki huijua sauti ya ngoma ya juu na ya ngoma ya chini kabla hawajajua Baba Yetu.

Mwaka jana, wiki ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, ulikuwa umeshuka msituni kumwona kaka yako Édouard. Ulisema utarudi Ijumaa. Ulipokuwa huko, mzee mkubwa wa kilima chetu alifariki. Jumatano asubuhi mjumbe akapita nyumba kwa nyumba na amri ya matanga: siku nne jembe lisiingie ardhini, wala ngoma isipigwe. Atakayepiga ngoma, nyumba yake itamfuata marehemu.

Papa Straton aliogopa. Aliiogopa Leta, maana ngoma ile ni ya Leta, na bwana wa barabara alikwisha kumwambia kwamba siku isipolia atafungwa boloko. Akayaogopa na matanga, maana ana binti mmoja, na mke aliye safarini. Akaifunika ngoma kwa majani ya migomba. Hakutuma habari kwa mtu yeyote. Akajiambia kwamba akitangulia mbele ya kila lori kwa miguu, akipaza sauti mpaka chini, atakuwa ametii wote wawili, Leta na marehemu.

Jumatano yalikuja malori mawili. Alitembea mbele ya yote mawili mpaka kizuizi cha chini, kisha akaupanda mlima tena. Alhamisi magoti yalikuwa yamevimba.

Alhamisi hiyo, karibu na saa sita mchana, lilifika lori la kijani linalotoka machimboni na kurudi machimboni, lile lenye ubao wa pembeni uliotiwa kiraka cha bati. Papa Straton anayakumbuka maneno neno kwa neno. Tumemsikiliza akiyarudia mara tatu bila kubadili hata moja.

"Papa, fungula njia," shofere alisema. "Kesho kutwa iko fete ya Bikira. Mimi nataka kulala kwangu."

"Ngoma iko matanga, haiwezi kulia. Ngoja nitembee mbele yako."

"Utembee mbele yangu sawa padri wa prosesyo? Tutafika saa ngapi? Nitapiga honi ku kila kona. Kona moja, honi moja."

"Kweli?"

"Ju ya Mungu, Papa."

Papa Straton akainua mti. Hapo ndipo mambo yote yalipoharibika, Mama. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alikuwa na magoti yanayouma, na mtu amemwapia kwa Mungu.

Alibaki amesimama akiwa ameshika kamba ya kizuizi, akisikiliza. Akasikia honi ya kona ya kwanza. Akangoja ya pili. Akasikia ndege, akasikia mbuzi wa Léontine, jirani yetu, na hakusikia honi. Hata mlio wa moteri haukusikika tena. Akajua shofere amezima moteri ili lori literemke lenyewe, kama wanavyopenda kufanya. Akajituliza kwamba leo ni Alhamisi, wanawake wengi wako nyumbani kwa matanga, na mke wake anarudi kesho.

Wewe ulikuwa kona ya tatu. Ulikuwa umeondoka kwa Édouard siku moja kabla ya ile uliyosema, ili nyama ya kukaushwa ifike mapema na mumeo ale vizuri siku ya sikukuu. Ulikuja katikati ya njia, kitunga mgongoni, kamba yake kipajini, kichwa chini kwa uzito. Hukuwa na habari ya msiba. Ulisikiliza ngoma, kama tulivyofundishwa, nayo ilikuwa kimya.

Uliyoyaona, ulimsimulia Papa Straton peke yake, siku ya tano, sisi tulipokuwa tumekwenda kuchota maji. Hukusikia chochote. Uliona tu kivuli kwenye mawe, ukageuka, na ubao ule wenye bati ukakupiga ubavuni, ukakurusha mtaroni. Lori likasimama mbele kidogo. Ukaona miguu ikishuka, imevaa viatu vya ngozi visivyo na kamba. Miguu ikaja mpaka karibu nawe. Ukataka kusema, pumzi haikutoka. Yule mtu alikitazama kitunga chako kilichopinduka, akakiinua, akakisimamisha vizuri kando ya kichwa chako, akairudisha ndani nyama iliyomwagika. Kisha miguu ikarudi. Lori likaondoka polepole, bila honi.

Kuna siku tunafikiri lile la kitunga ndilo linalotutisha kuliko yote. Aliona kwamba unahitaji kusaidiwa, na mikono yake ikakubali kusaidia kikapu.

Ulilala mtaroni mpaka jua lilipovuka upande wa pili wa mlima. Léontine aliyekuwa akishuka kumtafuta mbuzi wake aliyepotea ndiye aliyekuta kitunga kimesimama peke yake, akajiuliza mwenyewe yuko wapi. Alipanda mbio akipiga kelele. Papa Straton alimwona akija, na anasema alijua kabla hajafungua mdomo.

Wanaume sita walikubeba kwenye machela hadi misheni. Paja la kushoto lilikuwa limevunjika mara mbili, mfupa ukiisukuma ngozi. Mbavu tatu zilikuwa zimekatika. Mkono wa kushoto ulikuwa umechubuka hadi kwenye kiwiko. Na ndani ya tumbo kulikuwa na kitu kimepasuka, ambacho hakuna aliyekiona.

Munyakazi, muuguzi, alifungua daftari lake. Ni mtu mwema, na hatumlaumu kwa lolote.

"Mama, nini ilikupiga?"

Papa Straton alikuwa amesimama mlangoni, kofia yake ya Leta mikononi. Ulimtazama. Ulikuwa umekwisha kuelewa kwa nini ngoma ilinyamaza, maana wabebaji walikuwa wakizungumza matanga njia nzima.

"Hapana kitu," ukasema. "Nilianguka. Kitunga njo kilinivuta."

Munyakazi akaandika kwamba umeanguka. Akakunyoosha mguu, akaufunga kwa mbao, akakufunga mbavu kwa kitambaa. Ulipiga kelele mara moja tu, ukaomba radhi.

Siku ya nne tumbo likavimba likawa gumu, na mkojo ukatoka na damu. Munyakazi akarudi na daftari. Safari hii alifunga mlango, mkabaki watatu.

"Mama Euphrasie, hii tumbo haiko ya kuanguka. Kama iko kamyo, uniambie. Naandika barua leo, dokotere anatuma motokari, wanakupeleka ku hopitali kubwa. Kama iko kuanguka, watasema nifunge mugulu tu, basi."

Hapo, Mama, Papa Straton alikuwa na neno moja mdomoni. Kamyo, yaani lori. Anasema alilisikia mpaka kwenye meno. Nyuma ya neno hilo aliona bwana wa barabara akiuliza ni nani aliyefungua, na kwa nini ngoma haikulia. Akaona fimbo, na boloko, na nyumba yetu mlango wazi. Ulimtazama tena. Akatazama miguu yake mwenyewe.

"Nilianguka," ukasema.

Kesho yake, ulipokwisha kumsimulia habari za kitunga, ulimshika kidole na kumwambia, "Usiseme. Watauliza nani alifungula bariyeri. Watakutia boloko, na Verdiane atabakia na nani?" Naye akasema, "Sawa, mama." Siku sita zaidi ulitetemeka kwa homa. Ulimwita baba yako, ukaita mbwa wake wa kuwinda kwa majina yao. Jumatatu alfajiri ukanyamaza.

Tulikuzika tukiwaambia watu wote kwamba kikapu kizito kilikuangusha. Wanawake wa kilima wakaanza kupunguza mizigo yao. Tunaona aibu tukikumbuka hilo.

Baada ya wiki tatu lori la kijani likafika tena kizuizini. Papa Straton alilijua lile bati kabla hajaona uso. Shofere alishusha kioo, akamtazama, naye akatazamwa. Kisha shofere akampa kipande cha sabuni kupitia dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Papa, siku ile haukunifungulia. Na mimi sikupita."

Papa Straton akapokea sabuni. Hakuitumia, iko bado juu ya dari, panya wameanza kuila. Na tangu siku ile, mara mbili kwa wiki, mume wako amekuwa akimwinulia mti mtu aliyekuua. Akipiga ngoma hupiga kwa nguvu mno, na kwa muda mrefu mno, mpaka watu wa chini wakaanza kumcheka na kuuliza kama anateremsha lori au harusi. Hakujua kwamba tulikuwa tukimwona. Akimaliza, hushika kamba na kuhesabu kona kwa midomo, na akifika ya tatu hukoma. Akisikia lori nyumbani wakati wa kula, kijiko husimama. Hali nyama ya kukaushwa. Amekonda, suruali anaifunga kwa kamba ya mgomba.

Sisi tulidhani ni huzuni tu. Huzuni tungeiweza.

Wiki mbili zilizopita Verdiane alikaa na karatasi kuandika kumbukumbu hii. Papa Straton akaanza kumtajia: mwaka umetimia leo tangu mama yako alipo... Akakoma. Verdiane akamsaidia: "Alipoanguka." Papa Straton akatikisa kichwa. Verdiane akalirudia lile neno, akidhani hakusikia. Ndipo baba yake akaiweka kofia ya Leta chini sakafuni, akasema yote uliyoyasikia hapa, tangu majani ya migomba hadi sabuni, bila kulia. Aliyelia ni Verdiane, na alimpiga baba yake kifuani kwa ngumi zote mbili, na yeye akamwacha ampige.

Tulimwita Édouard kutoka msituni. Tulimwogopa sana, Mama. Unamjua kaka yako. Alifika na mkuki wake wa nguruwe, akauegemeza mlangoni upande wa ndani, si wa nje kama desturi. Papa Straton alisimulia tena akiwa amepiga magoti. Édouard hakumkatiza. Mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Ngoma ilinyamaza?"

"Ilinyamaza, shemeji."

"Na dada yangu alisikiliza." Akachuchumaa mbele yake. "Alisema uongo juu ya kukuokoa. Akakufa nao. Wewe utaendelea kuokolewa mpaka lini?"

"Naogopa, shemeji."

"Mimi pia naogopa. Tutaenda wote wawili. Lakini watu wasikie mbele, usipate njia ya kurudilia."

Ndiyo sababu maneno haya yanasomwa leo mbele ya watu, kabla ya kufika ofisini. Kesho asubuhi Papa Straton na Édouard watatembea hadi ofisi ya teritwari, kwa wakubwa wa Leta, mmoja na kofia yake, mwingine bila mkuki, tumehakikisha. Papa Straton atasema: nilifungua, sikupiga ngoma, sikutembea mbele, na siku ya nne nilinyamaza. Kisha atasema habari za lori la kijani, na bati, na viatu visivyo na kamba, na sabuni ataiweka mezani. Hatujui watamfanya nini. Huenda watamshika yeye peke yake na kumwacha shofere, maana shofere ana bwana mkubwa nyuma yake na sisi tuna shamba la maharagwe. Tunaogopa, Mama. Tumeogopa mwaka mzima bila kujua tunaogopa nini, na sasa tunajua, na hofu haijapungua. Usiku wa kuamkia leo hakuna aliyelala nyumbani kwako.

Ndugu mnaosikia, tunawaomba mawili. Shofere yule akipita kijijini msimguse, mwacheni aulizwe na wanaouliza. Na mkifika kona ya tatu, tembeeni ukingoni, hata kama ngoma imenyamaza.

Wanaokukumbuka, Mama Euphrasie, ni hawa: Verdiane, binti yako, mwenye kuandika. Édouard, kaka yako, na watu wote wa baba yako upande wa Mubi. Léontine, aliyekuona, na mbuzi wake alipatikana. Munyakazi, ambaye jana alifungua daftari lake la mwaka jana mbele yetu, akafuta neno moja kwa mstari na kuandika jingine juu yake.

Hapa Verdiane amemuuliza baba yake jina lake aliweke namna gani. Papa Straton amefikiri kidogo, kisha akasema, "Andika: Straton Hakorimana, mume wake, aliyefungula bariyeri." Ameandika.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mama. Na kuanzia leo, atakayeuliza ulikufaje, hatutamwambia tena kwamba ulianguka.